Aktiki Tuliianzia Ufukweni Igombe

Nafundisha darasa la awali huku Igombe, nje kidogo ya jiji la Mwanza, shule ambayo ukifungua dirisha unapokewa na harufu ya dagaa walioanikwa. Watoto wangu wana miaka mitano na sita. Baba zao wengi ni wavuvi, mama zao wanaanika na kuuza dagaa, na wachache kwao wanafuga ng'ombe. Wazazi na walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi kwa nini namhangaisha mtoto wa ziwani na dubu wa kwenye barafu, wakati hata tembo wa Serengeti, hapo jirani, hajamtia machoni. Swali ni la haki. Mimi hulijibu hivi: tembo wa Serengeti hafiki Igombe, lakini yupo mzaliwa wa Aktiki, eneo la barafu la kaskazini kabisa mwa dunia, anayefika kila mwaka, na watoto wetu wanamrushia mawe.

Nazungumzia vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni. Kuanzia mwezi wa nane na wa tisa utawaona ukingoni mwa maji, migongo ya kijivu, matumbo meupe, wakikimbia kwa hatua za haraka kiasi kwamba miguu haionekani, kisha wanasimama ghafla na kudonoa tope. Wapo wa aina nyingi na si wote wanaotoka mbali. Aina ndogo kuliko zote, ambayo kwa kawaida uzito wake ni gramu 20 hadi 30, yaani nusu ya yai la kuku au pungufu, hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Norwei na Siberia, kwenye uwanda usio na miti uitwao tundra. Huko udongo wa chini umeganda mwaka mzima. Mwezi wa sita theluji ya juu inapoyeyuka, wadudu hujaa, na ndege huyu hutaga mayai manne ardhini, kwenye kishimo kidogo. Kifaranga akishatoka na kukauka huanza kukimbia na kujitafutia chakula mwenyewe. Baridi ikianza kurudi, huyo, anaondoka. Anavuka nchi baada ya nchi, milima na jangwa, hadi anatua kwenye tope letu, pembeni ya nyavu za dagaa.

Siku niliyowaeleza watoto habari hii tulikuwa tumekaa mchangani, mbali kidogo na kundi la vitwitwi, na nilikuwa nimewaomba wanyamaze ili wasiwatimue. Walinyamaza kwa shida. Nilipomaliza, binti mmoja mdogo, ambaye darasani haongei mpaka aitwe, akaninong'oneza:

"Ticha, kwa hiyo huyu amemwona dubu?"

Nikamwambia huenda amemwona. Dubu mweupe hukaa zaidi pwani na juu ya barafu ya bahari, na baadhi ya vitwitwi hawa hutagia karibu na pwani hizohizo. Yule binti akageuka kumtazama ndege kwa macho mengine kabisa. Pale ndipo nilipopata njia ya kufundishia. Tangu hapo, kila mnyama wa Aktiki anaingia darasani kwetu kwa swali moja: kitwitwi aliona nini?

Naliona jambo hili kuwa kubwa. Mtoto mdogo hana ramani kichwani. Ukimwambia "mbali sana", kwake mbali ni Ukerewe, na Ukerewe unapanda meli unafika. Ukimwonyesha picha ya dubu ukutani na kumwambia huyu anaitwa dubu, semeni dubu, ataimba "dubu" na wenzake kwa sauti ya kupendeza, na mnyama huyo atabaki kuwa karatasi. Ila akishajua kwamba kiumbe anachokiona kwa macho yake kimetoka huko, Aktiki inakuwa mahali. Ina njia ya kwendea, na kuna aliyepita njia hiyo kwa mabawa yake.

Basi tulimchukua dubu kwanza. Tulichora umbo lake uwanjani kwa chokaa, mita 2.5 kutoka puani hadi mkiani, kwa sababu dume kubwa hufikia urefu huo na hata kuzidi. Watoto walilala ndani ya mchoro mmoja baada ya mwingine wakabaki na nafasi. Niliwaambia dume kama hilo linaweza kufikisha kilo 600. Namba hiyo haikuwaambia kitu. Kilichowagusa ni mtoto wake. Nilinunua sukari nusu kilo dukani kwa Mangi, nikaipitisha mkono kwa mkono: dubu akizaliwa ana uzito kama huu, nusu kilo na kidogo, haoni, yupo shimoni ambamo mama yake amechimba ndani ya theluji, na mama huyo anaweza kukaa miezi bila kula huku akinyonyesha. Waliishika ile sukari kwa mikono miwili. Mvulana mmoja aliipakata kifuani na akagoma kumpa mwenzake.

Kisha nikawaambia kwamba manyoya ya dubu hayana rangi nyeupe, kila unywele ni kama uzi wa nailoni unaopitisha mwanga, na chini ya manyoya hayo ngozi yake ni nyeusi. Darasa lilipiga kelele. "Nyeusi kama yangu?" Nyeusi, ndiyo. Wakaanza kuviringisha mikono ya sare zao na kutazamana. Nimefundisha mambo mengi, lakini sijaona habari ya mnyama wa mbali ikipokelewa kwa furaha kiasi kile, na sikuhitaji kuongeza neno.

Suala la baridi lilihitaji barafu ya kweli. Hapa Mwanza hatukosi. Maboti yanayokwenda visiwani kukusanya sangara hubeba barafu ili samaki wasiharibike, na baba wa mtoto mmoja alituletea bonge kwenye ndoo. Nilichukua glavu mbili za mpira, nikatia mafuta ya kupikia ya mgando ndani ya moja, nikavisha nyingine humo ndani ili mafuta yabaki katikati. Mtoto anaingiza mkono mmoja wenye glavu tupu na mwingine wenye ile ya mafuta kwenye maji ya barafu, na wenzake wanahesabu. Mkono wenye glavu tupu ulitoka kabla hawajafika kumi, wengine huku wakiruka na kupuliza vidole. Ule wa mafuta ulikaa mpaka wahesabuji wakachoka. "Ticha, huku hakuna baridi!" Nikawaambia dubu anayo hiyo glavu mwili mzima, chini ya ngozi, na inaweza kufika unene wa sentimita 10. Sili na walarasi, wanyama wa baharini wa huko, nao hivyohivyo. Hapo hakuna aliyehitaji kukariri. Naomba mwalimu atakayelifanya zoezi hili awe na taulo karibu, na asimruhusu mtoto mwenye kikohozi kuingiza mkono muda mrefu.

Mbweha wa Aktiki aliwapendeza kwa sababu anabadili nguo: mweupe wakati wa theluji, kahawia na kijivu wakati wa kiangazi chao. Anatembea nyuma ya dubu kuokota mabaki ya sili. Pia anaiba mayai na vifaranga vya ndege, wakiwemo vitwitwi. Hapo watoto waligawanyika, kuna waliomchukia papo hapo, na kuna mmoja aliyesema naye ana watoto wanaohitaji kula. Niliwaacha wabishane.

Aliyetupa kazi ni bundi. Kule tundra yupo bundi mweupe, mkubwa, dume likikomaa linakaribia kuwa jeupe tupu na jike lina mabaka meusi. Nilipobandika picha yake, watoto wawili walifunika macho. Mmoja akalia. Sikushangaa. Kwetu Usukumani, na Tanzania kwa jumla, bundi akitua juu ya paa usiku watu hawalali, wanahesabu nani mgonjwa kwenye ukoo. Mtoto wa miaka mitano ameshayasikia hayo yote. Kesho yake asubuhi bibi wa yule aliyelia alikuja shuleni, amejifunga khanga mbili, uso haucheki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Mjukuu wangu ameamka usiku analia bundi. Umemfundisha nini?"

Nikamkaribisha kwenye benchi chini ya mwembe. Kumwambia bibi mbele ya mjukuu wake kwamba anayoyaamini ni upuuzi ni kumvunjia heshima, na mtoto akirudi nyumbani atabaki na watu wazima wawili wasioaminika. Nilimuuliza kuhusu mpunga wake. Akaniambia panya wanamaliza ghalani. Nikamweleza kwamba bundi wa kwetu chakula chake kikubwa ni panya, na yule mweupe wa kaskazini anaishi kwa kula lemingi, viumbe wa jamii ya panya, tena mwaka ambao lemingi ni wengi anataga mayai mengi zaidi, na mwaka ambao ni haba huenda asitage kabisa. Nikamweleza pia kwamba wakati wa kiangazi cha huko usiku haupo, kwa hiyo huyu bundi anawinda jua likiwaka, kila mtu anamwona. Hili la mwisho lilimfikirisha. Bundi wa mchana hakuwahi kumsikia. Akakaa kimya, kisha akasema, "Haya. Huyo mweupe akae hukohuko kwao." Akaniaga vizuri.

Picha tuliihamishia pembeni, si ukuta wa mbele, na sikumlazimisha mtoto yeyote kuitazama. Wale wawili walizoea taratibu. Nadhani kilichowasaidia ni kujua kwamba bundi huyu hutaga chini, ardhini wazi, na humfukuza mbweha kwa ukali asile watoto wake. Mama anayelinda watoto wanamwelewa. Ushauri wangu kwa mwalimu yeyote wa kanda hii: usimruke bundi eti kwa kuogopa maneno ya watu, lakini pia usimlete siku ya kwanza. Wacha dubu na mbweha watangulie.

Hili la jua nalo lina utamu wake. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, na mtoto anaamini dunia yote iko hivyo. Sijaribu kumweleza wa umri huu habari za mhimili wa dunia kuinama, atayapata mbele ya safari. Tunaigiza tu. Tunafunga madirisha, tunawasha tochi na kusema ni mwezi wa sita kule kaskazini: kuleni, lalani, amkeni, tochi bado inawaka. Kisha tunaizima na kusema ni mwezi wa kumi na mbili: amkeni, kunyweni uji, chezeni, bado giza. Wanacheka mpaka basi. Mara ya kwanza tulipofika kwenye giza, mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi wa dagaa, alisema kwa sauti ya mtu mzima: "Huko dagaa wangevuliwa kila siku." Watu wasiokaa na wavuvi huenda wasilione alilosema. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Yeye alisikia giza la miezi akapiga hesabu ya kipato. Nilimpongeza mbele ya darasa, kisha nikamwambia mwezi unawaka na huko pia. Akafikiri. "Basi wapumzike kidogo."

Watoto wa wafugaji niliwawekea reindia. Huyu ni wa jamii ya kulungu, na tofauti na wenzake wa jamii hiyo, majike yake nayo yana pembe. Pembe hizo hudondoka kila mwaka na kuota upya, jambo ambalo mtoto aliyezoea ng'ombe halikubali kirahisi. Niliwaambia wako watu wanaitwa Wasami, kaskazini mwa Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, ambao huwafuga na kuhama nao kufuata malisho, na zamani waliwakamua. Wapo pia Wanenetsi kule Siberia, na Wainuiti wa Greenland, Kanada na Alaska ambao ni mabingwa wa kuwinda sili na nyangumi. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya watoto vinaionyesha Aktiki kama nchi ya wanyama peke yao. Kuna watu, wana bibi zao na nyimbo zao, na watoto wao nao hawajawahi kuona ndizi mgombani.

Kuna chati ya ukutani inayouzwa mjini ambayo imewaweka dubu na pengwini kwenye barafu moja wakipungiana mikono. Inanikera kwa kweli. Pengwini hawaishi Aktiki. Wao ni wa nusu ya kusini ya dunia, na hata Afrika Kusini na Namibia wapo wanaotagia ufukweni. Chati hiyo tuliikata kwa mkasi: dubu, walarasi, mbweha na reindia wakabaki ukuta wa kaskazini wa darasa, pengwini wakahamia ukuta wa kusini, na katikati tukaweka ziwa letu kwa karatasi ya bluu.

Kutoka ukuta hadi ukuta tukafunga kamba, na kwenye kamba tukatundika buabua wa Aktiki aliyekatwa kwa boksi la sabuni. Ndege huyu halisi ana gramu 100 hivi. Hutaga kaskazini wakati wa kiangazi cha huko, halafu husafiri hadi barafu za kusini kabisa ili apate kiangazi cha huko pia, na kurudi. Wapo waliofungiwa vifaa vidogo vya kufuatilia safari wakaonekana wameruka zaidi ya kilomita 70,000 kwa mwaka mmoja. Hakuna kiumbe kinachojulikana kuona mwanga wa jua mwingi kuliko yeye. Njia yake ni baharini, haipiti Mwanza, na niliwaambia hivyo waziwazi, maana watoto walishaanza kumtafuta ziwani. Mabuabua tunaowaona hapa kwa maelfu juu ya maji ni wa aina nyingine. Kuvuta ile kamba ndiyo zawadi ya anayewahi shuleni.

Kuna mwenzangu aliyenishauri niwafundishe kwanza kwamba barafu inayeyuka na dubu wako hatarini. Ni kweli, barafu ya bahari inapungua, na dubu huwinda sili akiwa juu ya barafu hiyo. Wakubwa wanapaswa kulijua. Lakini mtoto wa miaka mitano ukimkutanisha na kiumbe kwa mara ya kwanza na papo hapo ukamwambia kinakufa, umempa msiba wa mtu asiyemjua. Mimi namwacha apende kwanza. Akiuliza, namjibu kwa ukweli na kwa ufupi. Mmoja aliuliza, "Barafu ikiisha dubu ataenda wapi?" Nikamwambia atakaa nchi kavu na njaa, ndiyo maana watu wanahangaika isiishe. Alitosheka kwa siku ile.

Mawe yamepungua ufukweni. Sidai yameisha, ila nimewasikia kwa masikio yangu watoto wangu wakiwakemea wakubwa zao wa darasa la tatu: "Muache, katoka mbali!" Mvuvi mmoja mzee aliniuliza mnawafundisha nini hawa, maana wamemkalisha kitako na kumweleza kwamba ndege wanaodonoa kwenye tope la mtumbwi wake wanatoka kwa Warusi. Alidhani ni hadithi ya kutunga. Tulikaa naye tukazungumza vizuri, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba kwenye majaruba ya mpunga kwao Magu huwaona ndege wa namna hii wakubwa zaidi, wenye miguu mirefu, makundi kwa makundi, kisha kuna miezi hawaonekani kabisa. Kwa alivyowaeleza, sina shaka wengine wao pia ni wageni wa kaskazini. Nimeweka nia ya kuwapeleka watoto huko mwaka huu, wazazi wakichangia nauli.

Kwa aliye karibu na ziwa na anataka kujaribu, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali na kabla dagaa hawajamwagwa mchangani, kwa sababu kina mama wakishaanza kazi ndege husogea mbali. Wakalishe watoto chini, waliosimama huwatisha. Kama una darubini moja tu, ipokezane, lakini hata bila hiyo wanaonekana. Kuanzia Oktoba hadi Machi huwakosi. Mwezi wa nne anza kuwatazama usoni na mgongoni: kijivu kinaondoka na rangi ya kutu inaingia, ndiyo mavazi yao ya kutagia. Ukiona kundi limeanza kuwa jekundu, ujue wamebakiza siku chache, na kama darasa lako bado halijawaona, lipeleke wiki hiyohiyo.